Fomu Yako Inamjua Kahambu Mmoja

Mangobo, Kisangani
Jumapili, tarehe 22 Oktoba 2000
Asubuhi: mvua kubwa tangu alfajiri, imepungua baada ya misa ya kwanza. Sasa ni manyunyu, na ukungu umeufunika mto.

Mpendwa mdogo wangu Jérôme,

Kwanza nikusalimu, maana salamu haina kosa hata pale moyo wa mwandishi unapokuwa mchungu. Hujambo wewe na mkeo Chancelle? Mtoto Merdi ameacha kukohoa? Na baridi ya Nairobi uliyoilalamikia, umeizoea? Huku tunapumua. Mwanzoni mwa mwezi homa ilinilaza, nikameza kwinini mpaka masikio yakavuma, nikainuka. Mama yako, huyu mama mdogo wangu, mwili wake ni mzima. Yaliyobaki nitakueleza.

Barua yako ya Septemba ilifika kwa mkono wa tonton Évariste, pamoja na picha. Tumekuona umekaa mbele ya kompyuta, umefunga tai. Uliandika kwamba huko wanakuita injinia. Mama yako alinisomesha mstari huo mara nyingi, kisha akaizungusha picha uwanja mzima, hata kwa wale wasiotusalimu.

Mji uko vile ulivyouacha, ila njaa imeongezeka. Kutoka Isangi pirogi, mitumbwi ya mto, zinafika moja moja na samaki waliokaushwa kwa moshi, na njia ya Bengamisa inapitika kwa baiskeli tu. Watu wanaenda kwa toleka, zile baiskeli za kubeba abiria, au kwa miguu. Makaburi ya mwezi wa sita yameota majani. Yale majeshi mawili ya wageni yaliyopigania mji wetu siku sita kama mbwa na mfupa yametoka, na hakuna aliyerudi kuuliza tulizika wangapi.

Nyumba ya mama yako, kule komini ya Tshopo, bado haina paa. Kuta tatu zimesimama na mlango unafungwa kwa kufuli, sijui kwa kumzuia nani. Yeye analala jikoni kwangu tangu Juni. Najua alikuandikia kwa mkono wa mtu mwingine kwamba nyumba imeezekwa. Si kweli, na kwa nini si kweli ndiyo sababu ya barua hii.

Unakumbuka kazi uliyoifanya ofisini kwetu mwezi wa saba, kabla ya kupanda ndege. Bwana Désiré, mkubwa wetu wa ofisi ya misaada, alitaka njia ya haraka ya kugawa mabati kwa waliobomolewa nyumba. Ukatengeneza ile fomu ndani ya Excel: unachagua mtaa juu, majina yanatokea kwenye orodha chini, unabonyeza jina, fomu inakuambia mtu huyo amepokea au hajapokea. Ukurasa wenye majina yote ukauficha ili watu wa mezani wasiuguse. Na chini ya fomu, kwa herufi za buluu, ukaandika: Imetengenezwa na Kasereka Jérôme. Tulikupigia makofi. Mimi pia.

Alhamisi tarehe tano mwezi huu mtaa wa mama yako uliitwa. Mimi nilikuwa chumba cha nyuma nikitia majina ya mitaa iliyobaki. Mezani alikaa Hubert, unamjua, yule kijana wa Désiré mwenye sauti ya kanisani. Mama yako alivaa kitenge chake cha Pasaka. Alikuwa amekwisha kupatana na mtu wa toleka amsubiri na kamba, wafunge mabati.

Nikasikia kelele, nikatoka. Hubert alikuwa ameshika kadi ya mama yako juu, watu wote waione.

"Mama, machine inasema ulisha kamata."

"Nilikamata nini? Ndiyo sasa ninafika."

"Kahambu, imepokea. Tazama mwenyewe. Machine haidanganyaka, mama."

Mama yako akacheka, Jérôme. Hakuwa na hofu hata kidogo. Akawageukia wanawake waliokuwa nyuma yake akasema: "Mutoto yangu ndiye alitengeneza hii kitu. Haiwezi kunisahau."

Ungesikia kelele iliyofuata. "Aaa, ndiyo maana unarudi mara mbili!" "Mama Injinia, moja ya nyumba, ingine ya soko?" "Mwacheni, anataka kuezeka mpaka kanisa!" Wengine ni majirani tuliokimbia nao mabomu, tukalala nao chini ya meza moja. Wiki hiyo ofisi ilikuwa imekamata kadi za uongo, basi Hubert hakusita. Akaipasua kadi vipande viwili, akaviweka mezani kama mtu aliyemaliza kazi.

Mama yako aliokota vipande. Alimpita yule mtu wa toleka na kamba yake, akarudi Mangobo kwa miguu. Tangu siku hiyo haendi kuuza mihogo sokoni. Wanawake wa jumuiya, ambao kila Jumatano walisali kwetu, wamehamishia sala kwingine bila kutuambia.

Siku ileile jioni, kabla jenereta haijazimwa, nilianza kutafuta. Unanijua: siwezi kuacha jambo lililopinda. Niliufunua ukurasa uliouficha, nikatafuta jina lake. Lilikuwepo. Kahambu, na safu ya pili Pélagie, na mbele yake mahali pa kupokea ni patupu. Kwa hiyo jedwali lilisema hajapokea, na fomu ilisema amepokea. Mmoja kati yao alikuwa mwongo, na mwongo hakuwa jedwali.

Kwanza nilifikiri orodha inakatika. Nikakuta kweli uliipa mpaka wa mistari michache kuliko majina tuliyonayo, kwa sababu ulipoondoka tulikuwa bado tunaandikisha. Nikausogeza mpaka hadi mwisho wa jedwali, nikafungua fomu tena. Majina mapya yakatokea. Nikabonyeza Kahambu: amepokea. Sikupata kitu.

Kesho yake nikahesabu majina ya mtaa ule kwenye jedwali, kisha nikahesabu yaliyotokea kwenye orodha. Orodha ilikuwa fupi. Nikaongeza jina la kubuni, Bolingo, orodha ikarefuka kwa mstari mmoja. Nikaongeza Bolingo wa pili mwenye jina tofauti la ubatizo. Orodha haikurefuka. Nikakaa nikiitazama. Nikayapitia majina moja moja kutoka juu. Masika mmoja. Katungu mmoja. Kavira mmoja. Kahambu mmoja. Kambale mmoja, Paluku mmoja. Jérôme, mtaa mzima wa watu waliotoka Butembo na Beni, na Kambale mmoja!

Kufikia hapo nilijua. Nikafungua makro yako, yale maagizo uliyoiandikia mashine, nikasoma taratibu mstari kwa mstari. Kwa ile orodha ya mitaa ulihitaji kila mtaa utokee mara moja tu, hata kama una nyumba mia, na hilo ni sawa. Ulitia kila neno kwenye mfuko usiokubali neno lilelile mara mbili, na juu yake ukaweka ule mstari mfupi unaoiambia mashine: ukikuta kosa, usiseme, nenda kwenye mstari unaofuata. Kisha, kwa haraka ya safari, ukanakili kipande hicho kizima ukakiweka pia kwenye orodha ya watu. Na orodha ya watu ukaipa safu moja tu, safu ya jina, bila jina la ubatizo. Kahambu wa kwanza akaingia. Kahambu wa pili akagonga, mashine ikaona kosa, ikanyamaza kama ulivyoiagiza. Na wa tatu vilevile, mpaka wa mwisho.

Kahambu wa kwanza ni Émilie, yule mshonaji wa karibu na kisima. Alifika mapema, akapokea mabati yake kwa haki. Baada yake, kila Kahambu aliyefika mezani, fomu ilimpeleka kwenye mstari wa Émilie na kumwambia: umepokea.

Kama mtu wa Ulaya angefanya kosa hili, ningesema hakujua. Kama angelifanya Sefu, mwenzetu wa ofisini aliyetoka Kindu, ningesema kwao jina ni la mtu mmoja mmoja. Lakini wewe? Kwetu sisi jina tunalikuta limekwisha kutungojea, kwa nafasi ya kuzaliwa. Mimi ni Masika kwa sababu nilitangulia. Wewe ni Kasereka kwa sababu kaka zako wawili walitangulia, na darasani mlikuwa Kasereka watatu, mwalimu akawaita kwa safu mnazokalia. Mama aliyekunyonyesha ni Kahambu. Uliwezaje kuketi kwenye kiti kile na kuandika kwamba duniani yuko Kahambu mmoja?

Fomu nimeirekebisha, nikueleze ili usije ukafikiri nakulaumu bila kushika nyundo. Nimeondoa ule mfuko kwenye orodha ya watu. Nimeipa orodha safu tatu: jina, jina la ubatizo, na ya tatu isiyoonekana yenye namba ya mstari wa jedwali, ili mtu akibonyezwa fomu ifuate namba na isifuate jina. Kabla ya hapo nilijaribu kutumia nafasi yenyewe ya mtu kwenye orodha. Nikambonyeza Pélagie, akatokea jirani aliye juu yake. Ilinichukua muda kuelewa kwamba orodha inaanza kuhesabu kwa sifuri, na jedwali kwa moja. Na ule mstari wa kunyamazisha makosa nimeufuta kila mahali. Sasa fomu inalalamika sana. Hubert anachukia. Iache ilalamike.

Nilipomaliza, majina yaliyomezwa yalitokea yote. Ni nyumba nyingi, Jérôme, katika mitaa mitatu, karibu zote za wajane, kwa sababu wanaume wenye nguvu walipandisha sauti mezani wakapewa bila kuangalia mashine. Nikaichapa karatasi, nikampelekea Bwana Désiré.

Aliisoma mpaka mwisho. Kisha akafunga mlango.

"Mama Olga, mabati yameisha."

Nikamwambia hayawezi kuisha, ya watu hawa hayakutoka. Akasema fomu ilionyesha wote wamepokea, yaliyobaki yakawa ziada, na ziada aliipeleka Bengamisa kwa karatasi na muhuri. Siwezi kusema aliiba. Aliiamini fomu. Nikamwomba awaandikie wakubwa wa Goma, wajane waletewe mengine.

"Niandike nini? Kwamba niligawa vya watu?"

"Andika kwamba fomu ilikosea."

"Na nani anasema ilikosea? Weye? Mama, weye uko na diploma ya commerciale, ya biashara tu. Yule aliweka jina yake pale chini. Aandike yeye kwamba kosa ni yake, nitaibandika kwenye ripoti na kuomba mabati mengine. Bila hiyo, nitafunga ripoti tarehe kumi na tano mwezi wa kumi na moja, et voilà."

Nilirudi nyumbani na furaha ya kijinga. Nilifikiri nitamfuta mama yako machozi. Nikamketisha, nikamweleza polepole, nikimchorea kwa mkaa sakafuni jinsi jina lilivyomezwa. Alielewa upesi kuliko nilivyotegemea. Akauliza jambo moja tu.

"Kwa hiyo Kahambu wote walikosa juu ya Jérôme?"

Nikajibu ndiyo, kosa ni la Jérôme. Sikuona alichokuwa anakipima. Nilifikiri anapima haki yake.

Alhamisi iliyopita aliamka mapema, akavaa kitenge kilekile, akaniambia anaenda kumwona Émilie. Kumbe alienda mpaka kisimani, saa ambayo wanawake wote wapo. Akasimama mbele yao akasema machine haina kosa. Akasema yeye ndiye aliyefika mara ya kwanza kwa jina la Kahambu, akapokea mabati akayauza, akarudi kujaribu tena, na sasa anaomba msamaha. Émilie aliyeniletea habari alikuwa analia. Yeye anajua mabati ya mstari ule yako juu ya kichwa chake mwenyewe. Alijaribu kusema hivyo, wakamzomea kwamba anamfichia mwenzake.

Nilimkuta anachambua sombe, majani ya mihogo, kana kwamba hakuna kilichotokea. Nilipaza sauti, nakiri, nilimpazia sauti mama mdogo wangu. Akaninyamazisha kwa mkono.

"Mutoto iko na kazi kule. Wakisikia huku aliharibu, watamufukuza. Miye nimekwisha kuzeeka, jina yangu itanifanyia nini? Yeye iko na mutoto ya kulisha."

Nikamwambia wako Kahambu wengine, wako Katungu na Kavira, na kwa maneno yake amewafungia mlango. Akaacha majani. Kisha akasema: "Nitawapikia." Hayo ndiyo aliyosema. Na kweli kila jioni sasa anabeba sufuria na kupeleka kwa mjane mmoja au mwingine, na wao wanaipokea bila kumkaribisha ndani, kwa sababu wanadhani ni mwizi anayetubu.

Ijumaa Désiré aliniita. Habari ilikuwa imemfikia. "Unaona? Mama mwenyewe amekiri. Fomu iko sawa." Alisema kwa upole, kama mtu anayepumua baada ya mzigo. Karatasi yangu ya majina ilikuwa mezani kwake, imewekewa kikombe cha chai juu.

Basi hesabu yenyewe ni hii, Jérôme, na haina mafumbo. Mama yako amejiita mwizi ili wewe ubaki injinia. Mimi nikisema, naonekana namtetea mama mdogo wangu. Émilie akisema, anazomewa. Amebaki mtu mmoja ambaye neno lake litaaminika, na ni yule aliyeandika jina lake kwa herufi za buluu.

Tonton Évariste anapanda ndege ya mizigo kesho asubuhi mpaka Goma, kisha Nairobi. Anarudi kabla ya tarehe kumi. Mpe karatasi iliyosainiwa, moja kwa Bwana Désiré na moja ya kusomwa kanisani baada ya misa. Usiandike kwa Kifaransa cha kuzunguka. Andika kwamba wewe, Kasereka Jérôme, ulinakili kipande cha orodha ya mitaa ukakiweka kwenye orodha ya watu, ukairuhusu mashine imeze majina yanayofanana, na kwamba Kahambu Pélagie hakupokea bati hata moja. Mstari ule mbaya nimekunakilia kwenye karatasi ya pili ili usiseme umesahau.

Sikuombi uje. Sikuombi utume chochote. Ukituma nguo au kahawa badala ya karatasi hiyo, nitazirudisha kwa mkono wa yuleyule. Na ukikaa kimya, nitaelewa kwamba ule mstari wa kunyamazisha makosa hukuuandika kwa ajili ya mashine peke yake.

Najua maneno haya ni makali. Nimekubeba mgongoni ukiwa mdogo, ndiyo maana nayasema mimi, yasije kusemwa na mwingine asiyekupenda.

Msalimie Chancelle, mwambie mbegu za mchicha alizoniachia zimeota. Mbusu Merdi kwa niaba yetu. Kaka yako Arsène anakusalimu, bado anafundisha bila mshahara. Émilie pia anakusalimu, na aliniomba niandike kwamba hana kinyongo. Mama yako anakusalimu zaidi ya wote. Alinituma niandike kwamba nyumba imeezekwa vizuri na mvua haimsumbui. Nimekuandikia kwamba alinituma.

Mungu akulinde njiani na kazini, na akupe moyo wa kuandika mistari miwili mitatu iliyo ya kweli.

Ni mimi dada yako, nisiyeacha kukupenda hata leo,
Masika Olga

Jumatatu, kabla ya kumpelekea tonton Évariste bahasha. Jana usiku mama yako aliniomba nimsomee nilichoandika, maana macho yake hayaoni tena herufi. Nilimsomea salamu za mwanzo na salamu za mwisho, nikayaruka ya katikati. Akasema, "Ni nzuri, umeandika kwa adabu," akageukia ukuta, akalala. Mimi nilikaa na bahasha mapajani. Nililala saa tisa kasoro robo usiku.